Udongo wa Kitovuni

Tezo, Mei 1986

Hawe, bibi yangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Shangazi Kadzo ninayelala naye chumba kimoja. Tangu mvua zianze, baadhi ya wana-kondoo siwapaki udongo kitovuni. Najifanya tu. Nainama, nakipa mgongo kijiji kizima, nainuka na vidole vichafu.

Wewe ndiye uliyenifunza. Mtoto akidondoka, chukua udongo wa pale mama yake anapolala, ukandamize kwenye kitovu kingali kibichi, apajue kwao asipotee. "Haya, umefika kwenu," ukimwambia, naye akipiga chafya unacheka mpaka leso inaanguka. Shuleni mdomo wangu haufunguki, lakini zizini na wewe nilikuwa msemaji.

Ila na magoti unayakumbuka, Hawe. Mtoto azaliwa mzima, siku chache tu achechemea. Goti limevimba, lina moto, mwisho hainuki kunyonya. Ukilia, ukisema kuna mtu amewatazama kwa kijicho.

Basi mwalimu wa bayolojia akatufundisha, kwa Kiingereza, habari za vijidudu vinavyoingia kwenye kidonda, vikasafiri na damu hadi vikapata pa kukaa. Wenzangu wakaandika. Mimi nikaona kidole chako na ule udongo uliojaa mavi na mkojo wa kondoo. Sikutaka kukiona. Nilikasirika na mwalimu siku nzima, maskini, hata hanijui jina.

Bwana mifugo alipokuja joshoni, nilingoja watu wote waondoke ndipo nikamuuliza, tena nikitazama viatu vyake. Akanipa kichupa cha iodini. Nichovye kitovu mara mtoto anapozaliwa, nimlaze penye nyasi safi, ahimizwe kunyonya yale maziwa mazito ya kwanza. "Usiniamini mimi," akasema. "Jaribu uone."

Nikajaribu. Wengine niliwapaka udongo kama ulivyonifunza, wengine iodini, na hao wa iodini nikawafunga shingoni utepe wa leso kuukuu uliyotuachia. Baba akafurahi. "Msomi wangu naye kumbe anajua hirizi!" Nikanyamaza.

Mwenye utepe hajachechemea hata mmoja. Wa udongo, magoti yamevimba kwa wawili, na mmoja wao alinifia mapajani. Nililia sana, maana huyo nilimpaka mwenyewe, nikijua. Kisha nikalipasua goti lake kwa wembe. Usaha, Hawe. Usaha mtupu. Hilo halikuletwa na jicho la mtu.

Sasa leo Baba amekasirika. Anasema yule amekufa kwa sababu nimeupuuza udongo wa mama yake, eti nilimpaka ovyo. Kondoo mweusi ameanza uchungu tangu adhuhuri, na Baba ameamuru Shangazi ndiye ampake mtoto, mimi nisiguse. Nikinyamaza tena, naye huyo atavimba goti.

Sitanyamaza. Nimejipima moyo, naona nimetulia. Najua nilichokiona.

Wala sikulaumu. Hakuna aliyewapenda wale wanyama kukushinda, na ungelijua, ungelikuwa wa kwanza kunituma kwa bwana mifugo, tena mbio. Nakuahidi nitamweleza Baba bila kukuvunjia heshima, na utepe nitawavulia wote, maana hakutakuwa tena na wa kutofautisha. Pumzika, Hawe. Zizi nimelishika.

Nasikia viatu vya tairi uani. Ni Baba. Mkono umeshakishika kitambaa cha meza kuifunika karatasi, kama kawaida yangu.

Hapana. Kiingereza hakijui, lakini Kiswahili anasoma vizuri kuliko mimi. Naiacha hapa mezani, wazi, nimsogezee na kiti. Akifika mahali pa usaha, nitakuwa nimesimama mbele yake, aniulize.

Mjukuu wako,
Sidi