Nilimwandikia Baba Kuwa Anatembea Vizuri

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada, jambo hili sijamwambia hata mume wangu. Baba yangu, mzee Ditram, ni mkulima wa Chanzuru, mishipa inayopeleka damu mguuni kwake imeziba, na mwezi uliopita nilimpeleka kliniki, nesi akatupatia karatasi ya maswali kuhusu maisha yake ya kila siku, anatembea umbali gani kabla ya kuumwa, analala vipi, anajiona mzigo kwa familia au la, na kwa kuwa baba haoni vizuri nikawa namsomea mimi, naye kila swali ananiambia niandike hana shida, nikamnong'oneza kwamba si kweli, maana toka nyumbani hadi barabarani anasimama mara tatu akijifanya anatazama mahindi ya watu, akanijibu, "Marselina, ukiandika hayo watanikata mguu. Andika natembea vizuri."

Nikaandika. Nesi alisoma akafurahi, akasema dawa zinamsaidia, turudi baada ya miezi mitatu. Sasa kidole gumba cha mguu huo kina kidonda, wiki ya pili hakikauki, pembeni kimekuwa cheusi, na baba anashinda na gambuti ili mama asione, mimi ameniapisha, nikisema nimemsaliti, nikinyamaza naogopa hata kufikiria. Nifanye nini?

Marselina, Magomeni, Kilosa

Marahaba, Marselina. Barua hii sikungoja itoke gazetini, nilikupigia siku ileile. Nakuonea huruma, lakini ulikosea. Ile karatasi haikuwa mtihani wa kufaulu. Daktari hawezi kuona maumivu ya mtu. Huyajua kwa kuambiwa, na wewe ukamwambia hayapo.

Nimefurahi ulivyonisikiliza. Ulimwambia baba kwamba unakwenda kusema ukweli, aje asije. Unasema aliinama akavua gambuti mwenyewe. Daktari amewaambia kidole huenda kisipone, ila mguu bado unaweza kuokolewa mshipa ukizibuliwa mapema, na amewapa rufaa ya kwenda hospitali kubwa.

Basi fanya hivi. Mama aambiwe leo, na baba mwenyewe ndiye amwambie. Kidonda kisipakwe majani wala kukandwa maji ya moto. Kama anavuta sigara, aache. Maswali mengine yakija, asomewe na nesi, wewe ukae nje. Na Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi muwe stendi kupanda basi la kwenda huko hospitali, hata akisema amepata nafuu.