Picha ya Ukuta wa Kituo

4 Machi

Baba, shikamoo.

Hujambo na kazi? Mimi mzima, ila kunguni wa bweni wananila kuliko ninavyokula mimi.

Yule mpiga picha anayetufundisha ameanza mradi. Kila mwanafunzi alileta picha ya mtu wa kwao, darasa zima tukapiga kura, na yangu ikaongoza! Zitachapishwa kubwa na kubandikwa mitaani kwetu. Yangu inakuja ukuta wa kituo cha basi, hapohapo unapopakia watoto wa chekechea. Usiniulize ni ipi. Utaiona.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu, marahaba.

Mimi sijambo, mgongo tu ndio unanikumbusha umri. Hao kunguni, anika godoro juani.

Nimeshawatambia wazazi wote wa chekechea: mwanangu kashinda. Mwaka wa pili huu sijagusa chupa, ndiyo maana wamenikabidhi gari la watoto wao. Sasa na wewe umeniinua. Nimefurahi mno.

Baba yako

21 Machi

Mwanangu,

Za huko? Huku si kuzuri.

Nimeiona. Mimi, chali mtaroni, suti niliyovaa kumzika mama yako, suruali imelowa, mdomo wazi. Urefu wa ghorofa moja! Watoto garini walipiga makofi: “Dereva! Dereva!” Mzazi mmoja akamteremsha mwanawe, wengine wakafuata. Mwalimu mkuu kachukua ufunguo wa gari mpaka picha iondolewe.

Mwambie mpiga picha aitoe. Mimi baba yako nakuomba.

Baba yako

15 Aprili

Baba, shikamoo.

Natumaini mgongo umepata nafuu. Barua yako niliipata zamani, nikakaa nayo.

Mpiga picha aliniuliza kama umekubali. Nilimwambia umekubali. Siku ile ya mazishi watu walikuzunguka mtaroni wakikupa pole, masikini mume kafiwa. Mimi nilimfukia mama na majirani. Nani alinipa pole mimi? Nilitaka wakuone nilivyokuona. Nina hasira na wewe mpaka leo.

Lakini kazi sikutaka uikose. Nimemwomba aje Jumamosi akupige tena, umesimama chini ya ile ya zamani, watu waone ulivyobadilika. Mpya ikipatikana, ile itafunikwa. Nenda, baba.

Mwanao

23 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Mgongo haujambo. Pole ya mama yako niliyokunyima, ipokee leo.

Jumamosi nilikwenda. Nimenyoa, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Mpiga picha akanitazama, akatazama ukuta, akauliza, “Mwenyewe yuko wapi?” Nikasema ni mimi. Kituo kizima kikabisha: wee, mwongo huyo, yule mlevi mnene! Kondakta mmoja akasema nilale chini walinganishe. Wakaanza kupiga makofi, alale, alale. Nikafikiri, wakishaamini nitasimama nipigwe picha yangu, nirudishiwe ufunguo.

Nikalala. Wakashangilia kweli. Mpiga picha akabonyeza hapohapo, akasema hii ndiyo yenyewe, akafunga mkoba wake, akaondoka.

Wameshaibandika kando ya ile ya zamani, wala haikufunikwa. Ziko mbili sasa.

Chupa ya kwanza walininunulia wale wa kituoni, kunipongeza. Hii iliyo mezani nimeinunua mwenyewe.

Baba yako