Jina la Gharib Kwenye Nyumba ya Mama

Mwembetanga, Ng'ambo,
Unguja.
9 Novemba 2024

Mpendwa dada Ummkulthum,

Shikamoo. Natumai joto la Maskati limepungua na goti lako halikusumbui tena. Huku sote wazima, ila mimi roho inanichoma, na sina wa kumwambia ila wewe.

Mwezi uliopita walipita maafisa kuandikisha nyumba. Nikawakaribisha, nikawapa kahawa. Walipouliza mkuu wa kaya ni nani, nikajibu kama tulivyofunzwa sote: mume wangu. Fomu yao ina nafasi ya jina moja tu, nami nikamtaja Gharib mpaka jina la babu yake. Basi nyumba aliyotuachia mama, pamoja na fungu lako ulilonipa, imeandikwa yake. Unisamehe, dada.

Sasa sikia kinachoniua. Maafisa haohao walifika Fumba kwa mke mwenzangu, Biasha. Yule akawaambia, "Mkuu wa kaya mie. Yeye huja kwa zamu." Karatasi ina jina lake, kaitia fremu kaitundika ukumbini. Nimekwenda kuiona kwa macho yangu. Wallahi nilimwonea wivu kuliko siku aliyoolewa.

Nilipomtaka Gharib abadilishe, alicheka: "Jina langu na lako si mamoja?" Si mamoja hata kidogo. Akifa leo, watoto wa Biasha wanarithi chumba alichofia mama.

Nikaenda kwa sheha wa mtaa wetu kutaka jina libadilishwe, naye akataka shahidi wa upande wa mume. Ndugu zake wote wakanikwepa. Juzi nimekaa nimenuna, mara Biasha huyo, na buibui jipya.

"Bi Mwanakheri, vaa twende. Ntasema mie kuwa nyumba ya mamako."

Nikamuuliza, na wanawe je?

"Wanangu watarithi ya mama yao."

Akatoa ushahidi, akatia sahihi, na Gharib aliposikia akaona haya, akaja naye kusaini, na nyumba ikaandikwa jina langu. Sheha akamsifu Biasha mbele yangu. Nilimwambia ahsante kwa ncha ya ulimi, nikarudi nyumbani nikalia. Kanipita kwa ujana, kanipita kwa ujasiri, sasa hata kwa wema kanipita. Angekuwa mbaya, dada, ningepumzika.

Nisalimie shemeji Abdulrazak na mwanangu Ummy. Mungu akuzidishie afya na akurudishe kwetu salama. Ukija, Biasha atataka kukupikia. Kula kwangu kwanza.

Mdogo wako akupendaye, pamoja na wivu wake,
Mwanakheri