Chaza Niliyemla Kwenye Sahani ya Mgeni

Walvis Bay, Namibia

Mama Majura, mke wangu,

Pokea salamu za moto kutoka nchi ya baridi. Mimi mzima, nanenepa kidogo, na uzuri wangu bado uko palepale ulipouacha. Nyie je? Majura kile kikohozi kimeisha? Na mgongo wako? Usinijibu tu "hatujambo". Nataka habari kamili, Kigera nzima, nani kaoa, nani kahama, nani anaumwa.

Safari hii naandika kwa karatasi. Ile sauti niliyokutumia kwenye simu uliifungulia saluni pale Nyasho, sasa mji mzima unajua mumeo anaishi na watu wanaokula wadudu wazima wazima. Mpaka Butiama imefika! Umeniambia mama yako kasema hakuzaa binti aje kuishi na walaji wa vitu vinavyopumua, kwa hiyo huji. Mama mkwe namheshimu, lakini habari aliyopata ni nusu. Kaa chini nikupe yote, halafu umsomee. Pale nitakapokuambia ruka, ruka.

Hao wadudu ni chaza. Ni nyama laini inayokaa ndani ya magamba mawili magumu kama jiwe. Huku wanafugwa baharini kwenye vikapu vya nyavu, kama sisi tunavyofuga sato kwenye vizimba. Kazi yangu unaijua, kuvuta vikapu, kuosha, kufungua kwa kisu kifupi. Kwa kufungua nisikufiche, hakuna anayenifikia. Hata Paulo, yule Mwangola aliyenifundisha, siku hizi ananiitaga profesa. Mtu niliyeishia form two, profesa!

Lakini kula, hapana. Muda wote huo sikuwahi kuonja hata mmoja. Unatujua watu wa ziwani, gamba kwetu linasagwa wanapewa kuku. Nilipokuwaga navua kisiwani Rukuba, mtu angekula kitu kibichi kambini tungemfunga kamba tumpeleke kwa mchungaji.

Sasa sikia. Madam, mwenye shamba, alitaka mtu wa kuhudumia wageni wanaokuja kuonja chaza. Kazi ya kudumu, na inakuja na nyumba ya familia. Mimi niliyekuwa nalala chumba kimoja na wanaume wanaokoroma kama injini za mitumbwi, nikajitokeza kabla hajamaliza kusema.

"Magesa, kwani wewe unakula chaza?"

"Madam, mimi nimezaliwa majini!"

Akaridhika. Akasema Jumamosi wanakuja wanunuzi wa mahoteli. Nikifanya vizuri, kazi na nyumba ni vyangu. Nikiharibu, narudi kwenye vikapu.

Jumamosi nikavaa shati jeupe la Paulo, limenibana tumboni lakini nilipendeza. Nikafungua chaza, nikawapanga juu ya barafu, limao pembeni, nikaweka sahani mbele ya mzee mmoja mnene. Huyo ndiye mnunuzi mkubwa. Mzee akamtazama chaza, akanitazama mimi, akamtazama tena chaza. Nikaona uso wake una woga uleule niliokuwa nao mimi. Basi mkono ukaenda wenyewe. Nikachukua wa kwanza kwenye sahani yake, nikamla palepale.

Madam akaruka kitini.

"Magesa! Huyo ni wa mgeni!"

"Natoa sumu, Madam."

"Sumu?" Mama mmoja wa hoteli akatemea wake kwenye leso.

Wewe unaelewa. Kwetu aliyeleta kinywaji anaonja kwanza, mgeni aone kwa macho yake. Nani huku anajua? Madam kawa mwekundu kama nyanya. Nikaona nyumba inaondoka, wewe na Majura mnaondoka nayo. Nikajitetea kwa kile kiingereza changu cha viraka: "Kwetu Musoma mgeni hapewi kitu ambacho mwenyeji hajakitia mdomoni. Kama kina ubaya, nianze kuharibika mimi."

Yule mzee akanikazia macho. "Na kina ubaya?"

"Mzee wangu, mpaka sasa nimesimama."

Akacheka mpaka akakohoa. "Haya, nitolee sumu na huyu wa pili."

Nikamtolea. Wa tatu akamla mwenyewe, na hakuacha tena. Hata yule mama wa leso akaniita, "Na mimi nionjee." Mpaka wanaondoka tumbo langu limehudumia meza nzima.

Umeuliza kama ni watamu. Wa kwanza sikumsikia, woga ndio ulimeza. Wa pili nikatafuna, maana hamezwi kama kidonge. Anateleza kama mlenda, inakuja chumvi, halafu nyuma yake utamu fulani wa baridi, mpole. Sato wa kuchoma bado ni mfalme, siwezi kulisaliti ziwa. Lakini kuonja inafaa, tena sana. Ila awe mzima, gamba limefunga. Likiwa wazi unaligonga, lisipojifunga unatupa. Mjamzito au mwenye ini bovu asile mbichi. Wanachomwa pia, wanaiva vizuri kabisa, na hao ndio nitakaomwandalia mama akija kututembelea. Hapo msomee polepole.

Hapa ruka: wanasema chaza anampa mwanaume nguvu. Mimi nitajuaje, na wewe uko Kigera?

Nisalimie mama mkwe kwa heshima zote. Nisalimie dada yangu anayeuza vitenge sokoni Bunda, mwambie sijasahau alivyonisindikiza akilia kuliko wewe. Na mwalimu wa Majura, asimchape kwa hesabu, hiyo amerithi kwangu.

Jana Madam kanipa funguo. Vyumba viwili, dirisha linaona maji. Akauliza, "Mtakaa wangapi?" Nikajibu, watatu. Najua sijakuuliza, na mama yako hajakubali. Lakini lile neno lilinitoka bila kusita, na tangu nilitamke siwezi kulala pale peke yangu. Bado niko kwa wakoromaji, nawasubiri.

Wako anayekupenda hata kwa kiingereza,
Magesa, Baba Majura