Mzalendo wa Kusoma Risala

Malambo, 3 Juni 2024

Mama Leonida mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na kifua cha baba kimeacha kumsumbua. Mimi mzima, ila kwa vumbi la huku nimekuwa rangi ya tofali.

Mama, kaa chini kwanza. Mwenge wa Uhuru unapita kwetu mwezi ujao, na mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Seenoi, huyu ninayeishi uani kwake, amenichagua mimi nisome risala! Mbele ya wakimbiza Mwenge, mbele ya watu wote! Tumeiandika pamoja, tukaifuta, tukaiandika tena. Naisoma nikipika, naisoma nikifua. Seenoi anasema hata mbuzi wake sasa wanaijua.

Tangu mama yangu mzazi, Mwanamwema, afariki ni wewe jirani yetu uliyenivalisha sare ukanipeleka shule. Basi njoo unione. Mwambie na baba afunge duka siku mbili, hatakufa njaa.

Barua nampa dereva wa lori la mahindi, maana mtandao wa huku ni wa kubahatisha.

Mwanao,
Hajira

Karatu, 9 Juni 2024

Hajira mwanangu,

Marahaba. Goti bado linanisumbua, lakini kwa habari hii ningepanda hadi ukingo wa kreta. Baba yako Abdulmajid siku hizi hauzi sukari, anauza habari zako. Nikamwambia, "Punguza, Mwarabu wewe, utamtafutia mtoto husuda!" Dukani wakacheka, si unajua tunavyotaniana.

Neno moja tu: usisome kwa lafudhi yetu. Umekulia jikoni kwangu, ukichangamka Kiiraqw kinajitokeza chenyewe. Watu watashangaa, Mwarabu gani huyu anaongea kama sisi Wambulu!

Na usiwazoee sana hao Wamasai. Wengi wao ni wa ng'ambo, leo Kenya, kesho huku. Huyo Seenoi simsemi, ni mwalimu.

Mama yako,
Leonida

Malambo, 20 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Hamjambo huko? Mimi mwili mzima, moyo ndio si mzima.

Jana alikuja mtu wa kamati ya maandalizi, anaitwa Josephati, kukagua halaiki ya watoto. Nikamsomea risala, akapiga makofi. Kisha akamwita Seenoi pembeni, akasema kwa sauti ya kusikika kabisa: "Risala isomwe na mzalendo." Nikacheka, nikidhani ananitania. Nikamwambia mzalendo ndiye mimi, nchi hii naipenda mpaka basi, nimekubali kufundisha mahali maji yanakuja kwa punda!

Akasema, "Huo ni uzalendo wa moyoni, mwalimu. Mimi nasema mzalendo, mwenye nchi." Nikamwambia nimezaliwa Karatu! "Sawa, lakini asili?" Sikuficha, nikasema babu alitoka Yemeni. Akasema picha zitapigwa, watu watauliza huyu Mwarabu katoka wapi.

Mama, neno hilo nalifundisha darasani kila mwaka: mzalendo ni mtu anayeipenda nchi yake. Kumbe wenzangu wana maana nyingine, na katika hiyo mimi simo. Seenoi alibisha mpaka sauti ikamkauka. Akaambiwa na yeye asijisahau, asije akaulizwa kwao ni upande gani wa mpaka.

Nimelia kama mtoto.

Mwanao,
Hajira

Karatu, 26 Juni 2024

Mwanangu,

Pole. Pole sana, mama. Nilikuwa nasoma barua yako, ugali ukaungulia jikoni.

Yaani Josephati! Josephati wa hapahapa Karatu, niliyemfundisha mafundisho ya kipaimara, aliyekuwa akimkimbia jogoo! Nilimpigia simu palepale, hata salamu sikumpa. Nikamwambia: "Huyo mtoto nimemlea mimi. Kiiraqw anakijua kukushinda wewe. Uarabu wake ni ngozi tu, yule ni wetu. Si kama hao Wamasai wanaovuka mpaka na ng'ombe wao kila kiangazi." Akanywea. Akasema, "Sawa, mama, kwa kuwa ni wewe."

Utasoma, mwanangu! Kitenge nimeshanunua, fundi anakishona. Yule jamaa ataniona nimekaa mbele kabisa.

Mama yako,
Leonida

Malambo, 2 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Asante kwa kunipigania, sijui nani mwingine angenipigania hivyo. Ila naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Josephati alikuja jana. Seenoi alikuwa anatumiminia chai. Josephati akatangaza kwamba ameshazungumza na mama yangu, nitasoma, maana mimi ni mwenzao, si kama hawa wanaovuka mpaka. Akasema hayo ni maneno yako wewe. Seenoi akamaliza kumimina, akaweka birika chini, akatoka.

Baba yake Seenoi na babu yake wamezikwa hapa Malambo, mama. Na siku niliyofika hapa na begi langu, hakuniuliza asili yangu. Aliniuliza kama nimekula.

Nimemwambia Josephati sisomi. Alichoniambia yeye ndicho ulichosema juu ya Wamasai, umebadilisha jina tu. Na cha kwako kimeniuma zaidi, kwa sababu Josephati si mama yangu.

Lakini njoo, nakuomba. Kitanda changu ni cha mtu mmoja na goti lako nalijua, kwa hiyo nitamwomba Seenoi ulale kwake.

Mwanao,
Hajira

Karatu, 19 Julai 2024

Hajira,

Marahaba. Nilinyamaza kwa hasira. Unamtetea mtoto, halafu mtoto anakugeuzia kibao!

Nikaenda dukani kwa baba yako kukusema. Ndiyo, kukusema. Nikapaza sauti kwamba nchi ina wenyewe, na wenyewe tunajulikana. Kulikuwa na mteja mmoja mgeni, wa kutoka Dar. Akaniuliza, "Mama, wewe kabila gani?" Nikamjibu, Mwiraqw. "Aa! Si ninyi mliotoka Iraki?"

Duka zima likacheka. Utani huo nimeusikia tangu niko shule, na siku zote nacheka. Safari hii kicheko hakikutoka. Nikamtazama baba yako. Na yeye hakuwa anacheka. Akasema taratibu, "Leonida, kwangu ndivyo inavyokuwa kila siku." Nikatoka, sukari nimeiacha palepale kwenye mizani.

Nakuja Jumatano. Mwambie Seenoi nitalala kwake akinikubali. Akikataa nitalala darasani, na goti langu hilihili.

Mama yako,
Leonida

Malambo, 22 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Dereva yuko mlangoni anapiga honi, kwa hiyo ni haraka haraka.

Risala atasoma Josephati mwenyewe, hakupata huku mtu wa kumfaa. Mimi nitasimama nyuma na watoto wa halaiki.

Kitanda kipo, Seenoi ametandika shuka mpya. Ila anasema kabla ya chai, yale uliyomwambia Josephati kwenye simu umwambie na yeye, neno kwa neno, ukimtazama usoni. Akaniuliza kama mama yangu anaweza.

Nimemwambia unaweza.

Mwanao,
Hajira