Sauti ya Chumba cha Pili

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi wewe na watoto. Natumaini mgongo wako umepata nafuu na yule kitinda mimba ameacha kusumbuliwa na masikio. Sisi huku tunasukuma siku. Mama anakula vizuri na vidonda vya mgongoni vimekauka. Kuhusu kusema, nimezoea kukwambia kwamba yuko vilevile ulivyomwacha siku ile ulipoondoka unalia, ukisema huwezi kukaa na mama asiyekujua. Leo sikwambii hivyo. Soma mpaka mwisho kabla hujaninunia.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Kwenye simu wewe hukatiza, unajijua, na mimi nikikatizwa nitapata kisingizio cha kunyamaza. Shemeji yako anakuja huko kikazi, nimempa bahasha na nimemkataza kuichungulia.

Unayakumbuka masomo yangu ya uzamili ya mifumo ya habari, haya ya mtandaoni, ambayo hukuacha kuyacheka kwamba nimeolewa na kompyuta. Nilibakiza mtihani wa hifadhidata na tasnifu tu. Pale bohari ya dawa mkuu wangu ameshasema wazi kwamba kitengo cha mifumo ni changu nikija na shahada, na nisipokuja nayo anatafuta mtu wa nje. Kwa hiyo niliingia kwenye ule mtihani roho mkononi.

Usidhani mtihani wa nyumbani ni mteremko. Kwanza unazungusha kompyuta waone chumba kizima, chini ya meza, nyuma ya pazia, unafunua na masikio waone hakuna kilichochomekwa. Kisha kamera inakukodolea macho mpaka umalize. Ukiinuka kitini umejifutia mtihani. Mtu akikusemesha, hivyo hivyo. Nikaona nijihami mapema. Niliwaandikia, nikaambatisha na cheti cha daktari, kwamba chumba cha pili amelala mama yangu mgonjwa, ila wasiwe na shaka, tangu apate kiharusi hawezi kutamka hata neno moja. Nikajiona mjanja kweli. Ujanja huo ndio ulioniponza.

Siku yenyewe mama jirani, anayenishikia Mama nikiwa na kazi, alikuja kukaa naye. Niko katikati ya swali la kuunganisha majedwali, nikamsikia anatoka kwenda kuanua nguo zake maana mvua ilishaanza kutishia. Mara tu alipotoka, sauti ikaja kutoka chumba cha pili. Ikaja tena, na tena. Mimi nikabaki macho kwenye kioo.

Baadaye nikaletewa ujumbe kwamba matokeo yangu yamezuiwa na naitwa mbele ya kamati ya nidhamu, kwa video. Walikuwa watatu. Mwenyekiti, mwanamke mpole mpaka anatisha, alinichezea rekodi ya mtihani wangu, akauliza hiyo ni sauti ya nani. Nikasema ni ya mama yangu. Akauliza kama ni yule yule asiyeweza kutamka hata neno moja. Dada, nikasema ndiye. Mwenzake akadakia kwamba basi ama cheti ni cha uongo, ama kuna mtu alikuwa akinipa majibu, na hilo neno linalorudiwarudiwa ni ishara tuliyopatana. Nikajitetea kwamba ni jina la utani la nyumbani kwetu. Niliwaona wakitazamana. Mwisho wakasema Ijumaa ijayo nimlete Mama mbele ya kamera wamsikie wenyewe. Nikishindwa, nafukuzwa chuo na kazini wanapelekewa taarifa. Nimekalia kuti kavu.

Nikamwita daktari, akambembeleza weee, Mama kimya. Shemeji yako akamwimbia kwa ile sauti yake unayoijua, Mama akageuzia uso ukutani, na kwa hilo sikumlaumu. Mimi namlisha huku namwomba aseme chochote, hata anitukane. Ananitazama tu.

Sasa nikwambie lile linalonikaba. Neno lenyewe ni Chiriku. Mama alikuwa anakuita wewe, kwa lile jina alilokupa ulipokuwa mdogo, huachi kuongea hata chakula kikiwa mdomoni. Nililisikia tangu mara ya kwanza, na papo hapo nikajua sauti ni ya nani na inamtaka nani. Sikuinuka. Nilijikaza kisabuni nikaendelea na majedwali yangu, Mama anaita, anaita, mpaka sauti ikamwishia. Kisha ukapiga simu jioni ile ile kuuliza hali yake, nami nikakujibu yuko vilevile. Wivu ndio ulionifunga mdomo, Dada. Anayemgeuza kitandani ni mimi, anayefua mashuka ni mimi, na siku ulimi wake ulipofunguka haukunitafuta mimi. Iliniuma na bado inaniuma. Mama anakujua. Nimelijua hilo muda wote huu nikakuacha uendelee kulia.

Sikuombi uje kwa ajili ya kamati. Ukiwahi kabla ya Ijumaa, utakaa naye kwanza mpaka mshibane, kompyuta imefungwa, mambo ya kamera tutayaongea baadaye akitaka mwenyewe. Ukichelewa, na shahada ikaenda na maji, njoo vilevile. Nitakuja kukupokea, na ukitaka kunisema nitakusikiliza bila kujibu, jambo ambalo hujawahi kuliona.

Nisalimie watoto wote, umwambie na shemeji yangu namshukuru kwa dawa za Mama alizotuma. Mama jirani naye anakusalimu. Bado anajilaumu kwa zile nguo, nami bado sijapata ujasiri wa kumweleza kwamba mtu wa kulaumiwa alikuwa ndani.

Kabla sijakaa kuandika nilimwambia Mama kwamba Chiriku anakuja. Hakusema kitu. Ila amegeuza kichwa kuelekea mlangoni, na kila nikijaribu kumlaza upande wa pili anakirudisha kule kule. Tafadhali usinifanye mwongo kwake pia.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekaa kitini.