Merikani Yenye Mistari ya Kutu

Kwa Fundi wangu Hemedi, uliyelala makaburini Kivinje.

Shikamoo, Fundi. Marahaba yako siku hizi najiitikia mwenyewe. Hali yako siulizi, anaijua Mwenyezi Mungu. Yangu ndiyo nimekaa kukuandikia, leo Ijumaa baada ya swala, duka likiwa limefungwa.

Cherehani yako inafanya kazi. Tajiri wetu Bwana Walji alinikalisha kwenye kiti chako wiki ileile tuliyokuzika, bila maneno mengi, akarudi kupima vitambaa vyake. Kanyagio linalia vilevile. Nimelitia mafuta ya nazi, wapi.

Vita imekwisha, ndivyo wanavyosema bomani. Waliokuwa wakiyaamini yale maji nao wamekwisha, wengi wao. Kazi yetu haikupungua hata kidogo: suruali za kaki za askari, na viraka vya zile zinazorudi kutoka Umatumbini zimechanika. Nyingine zinanuka moshi. Ni moshi wa maghala ya chakula, Fundi, na mama yangu ni Mmatumbi, unajua.

Ndiyo maana nilikuambia, ukiwa kitandani, kwamba nataka kuacha kazi. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Ukiacha utashona nini, Mbwana, hewa? Kaa hapohapo penye uzi." Nilikasirika. Nilidhani unamsemea tajiri. Nikabaki kwa sababu tu sikutaka kubishana na mgonjwa.

Njaa iliteremka baada yako. Watu walikuja kutoka milimani wakajenga vibanda vya makuti nyuma ya mikoko. Boma linatoa mtama, kibaba kimoja kwa kila atakayefika mwenyewe asubuhi kufyeka barabara. Hapelekewi mtu, wala hachukuliwi fungu na mwenzake. Humo vibandani nilimkuta Bi Somoe, ndugu wa mama kwa mbali, kwa hiyo namwita mama mdogo. Ni mjane, ana binti zake wawili wakubwa. Wote watatu walikuwa na kaniki moja. Aliyefikiwa na zamu aliivaa akaenda kufyeka, wawili wakabaki ndani wamejifunika jamvi. Kibaba kimoja kikaliwa na watu watatu. Nguvu za kufyeka walikuwa nazo bado, ila nguo ya kutokea ndiyo hawakuwa nayo.

Nilifurahi, Fundi, nisikufiche. Nikajiona nimepata la kufanya bila kuondoka kwenye kiti. Vipande vya mkasi ni vya fundi, hiyo ni ada ya kazi yetu tangu enzi zako, na mimi nilikuwa na gunia zima la vipande vya kaki. Nikaviunga kwa siku mbili, baada ya saa za kazi, zikatoka shuka tatu. Mishono yake hata wewe usingeifumua.

Mama mdogo aliikunjua moja magotini, akaipapasa, akaikunja, akanirudishia. "Mwanangu, waliokuja kuchoma ghala langu walivaa hii. Siivai." Basi. Akanishukuru, akaniuliza hali ya nyumbani.

Mtu mwenye akili angemuuliza palepale, mama, nikuletee ipi? Mimi nilisusa. Nikasema moyoni, mwenye njaa naye anachagua rangi! Siku tisa sikukanyaga vibandani. Nilishona kwa bidii, hata mluzi nikapiga.

Siku ya kumi ililetwa suruali ya askari yenye tundu la moto gotini. Gunia lilikuwa tupu, basi nikachukua moja ya zile shuka, nikakata kiraka, nikakishona. Kiliingia sawasawa. Nilipoipiga pasi sikuona tena kiraka kiko wapi. Nikaishika ile suruali muda mrefu, mpaka Bwana Walji akauliza kama naumwa.

Nikamwambia siumwi, nina haja. Kule nyuma, stoo, kulikuwa na robota la kitambaa cheupe cha merikani lililoingia maji ya bahari. Mikanda yake ya chuma ilikuwa imeacha mistari ya kutu na wateja hawaitaki. Unakumbuka kwamba kila Idi anatupa kitambaa cha kanzu. Nikamwambia, Idi hii usinipe kanzu, nipe ile yenye kutu, na unipe leo. Alinitazama juu ya miwani yake. Akaniuliza kama naoa. Kisha akaniambia nikachukue.

Nilikata nguo tatu, nikazipeleka jioni ileile, mwendo wa kukimbia. Mama mdogo akapokea mbili. Nikamnyooshea ya tatu.

"Zawadi hayupo," akasema. "Leo siku ya tano tangu tumzike." Zawadi ni yule binti mdogo. Nilihesabu kurudi nyuma, na siku hiyo nilikuwa nakata kola na kupiga mluzi. "Mpe mwingine," akasema. Hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia, Fundi. Nililia njiani kama mtoto, jua halijazama, watu wakiniona.

Ningekuwa nimeacha kazi, nisingekuwa na merikani ya kuomba. Hilo umenishinda, na nimekubali. Lakini kaki bado naishona, na kila nikiishona najua inakwenda wapi. Hukuniambia nifanye nini na hilo. Kila Alhamisi alasiri nakwenda vibandani na utepe wa kupimia tu, mikono mitupu. Naketi, nauliza, nasikiliza. Mafundi wawili wa duka la jirani wameniambia kanzu zao za Idi nao watazisamehe, wapewe merikani.

Haya, Fundi wangu, nikuache upumzike. Kiti chako sikiachi, nakuahidi. Na mkasi sitauweka kwenye nguo ya mtu kabla sijamsikia anataka nini, na akikataa nitarudi siku hiyohiyo. Mungu akulaze pema.

Nguo ya tatu aliichukua msichana wa kibanda cha pili, aliyekuja Kivinje peke yake. Asubuhi ya pili yake waliipita baraza yetu kwenda barabarani, wamefuatana, mama mdogo mbele, na mistari ya kutu migongoni. Asiyewajua angesema ni mama na binti zake wawili.